Nani Alishika Kiboko? Picha za Historia Yetu na Haki Tunayoitafuta

  

Leo nataka tuzungumze juu ya picha. Najua wengine watasema: «Sisi tunatafuta unga, tunatafuta dawa, tunatafuta njia ya kurudi nyumbani, na huyu anatuletea habari za wachoraji!» Vumilia kidogo, ndugu yangu. Anayetaka kukufukuza katika shamba lako huanza kwa kukuchora. Kabla nyumba haijachomwa, picha hupita kwanza, kwa mdomo au kwa karatasi: wale ni nyoka, wale ni wageni, wale si watu. Na vita ikiisha, jambo ambalo mara nyingi hukosekana ni picha moja ambayo wote wanaweza kusimama mbele yake na kusema: ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo picha huitangulia vita na huifuata vita. Tuitazame katika sehemu tatu: namna wengine walivyotuchora, namna sisi wenyewe tulivyojichora, na nani tuliyemwacha nje ya picha.

1. Wengine walivyotuchora

Mwaka 1897 Kongo ilikuwa bado chini ya mfalme Leopold II kama mali yake mwenyewe. Maonyesho makubwa yalifanyika Ubelgiji, na sehemu ya Kongo ikawekwa Tervuren, karibu na Brussels. Watu 267 walichukuliwa kutoka kwetu, wanaume, wanawake na watoto, wakapelekwa huko kwa meli. Walijengewa vijiji vya bandia ndani ya bustani, na watu wakaja kwa wingi kuwatazama wakipika, wakivuta makasia na kucheza ngoma. Saba kati yao walikufa na kuzikwa huko. Makaburi yao yako Tervuren, kando ya kanisa.

Miaka michache baadaye ikaja habari ya Ota Benga, kijana wa Bambuti. Mwaka 1904 alionyeshwa katika maonyesho ya St. Louis, Marekani. Mwaka 1906 akawekwa New York katika bustani ya wanyama ya Bronx, ndani ya nyumba ya nyani. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga kwa sauti kubwa mpaka akatolewa. Lakini Kongo hakuiona tena. Mwaka 1916 alijiua kwa bunduki. Shirika linaloongoza bustani ile liliomba msamaha mwaka 2020, zaidi ya miaka mia moja baada ya tendo lenyewe.

Tervuren palibaki jumba la makumbusho. Ndani yake iliwekwa sanamu iliyotengenezwa mwaka 1913 na Mbelgiji Paul Wissaert. Inaonyesha mwanamume mweusi aliyevaa ngozi ya chui, ana kucha za chuma mkononi, ameinama juu ya mtu aliyelala ili amwue. Wazee wa upande wa Ituri na Beni wanajua kwamba Aniota walikuwako kweli na waliua watu kweli. Basi mchongaji alikosea wapi? Kosa ni kumweka muuaji yule awe uso wetu mbele ya wageni na watoto wa Ulaya, kwa muda wa miaka mingi. Mkunga, mhunzi, mwamuzi wa kijiji, mkulima, hao hawakupata sanamu ya namna ile. Ukichagua mtu mmoja mbaya katika watu elfu, ukamwita «wao», umesema uongo hata kama huyo mmoja yupo.

Mwaka 2002, Chéri Samba, mchoraji wetu wa Kinshasa, alilijibu jambo hilo kwa picha aliyoiita Réorganisation. Katika picha ile Wakongo wameifunga sanamu ya mtu-chui kwa kamba na kuivuta nje ya jumba la makumbusho. Wazungu wa jumba wameishika upande wa pili, hawataki iondoke. Mkubwa wao amesimama kwenye ngazi anatazama. Hakuna damu katika picha ile. Kuna mabishano tu, yaliyowekwa wazi ili kila mtu ayaone. Jumba lenyewe likaipokea picha hiyo miongoni mwa mali zake. Baadaye lilifungwa ili litengenezwe, kuanzia 2013 mpaka Desemba 2018, na lilipofunguliwa tena mtu-chui alikuwa ametolewa katika maonyesho ya kawaida na kuwekwa katika chumba cha sanamu zilizostaafishwa. Picha moja haikufanya kazi hiyo yote. Watu wengi walisema na kuandika kwa miaka. Lakini picha iliwapa mahali pa kukutania.

Jambo hili linatugusa sisi tuliokimbia. Mama, wewe pia unachorwa leo. Mtu anakuja kambini na mashine ya picha, anamtafuta mtoto mwenye machozi na mama aliyenyoosha mkono, anapiga na kuondoka. Asubuhi ile ile ulikuwa umewafundisha watoto kusoma, au ulikuwa umepatanisha majirani waliogombana kisimani, lakini hiyo haikupigwa. Jua kwamba Katiba yetu, sheria mama ya nchi, inalinda maisha ya siri ya kila mtu. Una haki ya kuuliza: picha hii ni ya nini, itapelekwa wapi, nani ataiona? Una haki ya kukataa. Na mkubwa wa kambi, usikubali hata siku moja jina la mtu liondolewe kwenye orodha ya chakula kwa sababu amekataa kupigwa picha.

2. Sisi tulivyojichora

Sasa twende Katanga. Katika miaka ya 1970, huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wafanyakazi wa migodi na wa reli walikuwa wakinunua picha kwa vijana wachoraji. Si picha za ghali. Nyingi zilichorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga kilichovutwa kwenye mbao, na rangi iliyopatikana mjini. Zilitundikwa salo, mahali ambapo wageni huketi. Ulipowauliza wenye nyumba sababu ya kuitundika picha, walikuwa na neno moja: ukumbusho. Mgeni akiingia, anaitazama, anauliza, na mazungumzo yanaanza.

Picha moja iliyopendwa sana iliitwa Colonie Belge. Wachoraji wengi waliichora, kila mmoja kwa mkono wake, lakini mambo yake makubwa yalikuwa yale yale. Kuna kiwanja cha gereza au cha ofisi ya serikali. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa chini kifudifudi, nguo imeshushwa. Juu yake kuna mtu ameinua kiboko. Mzungu amesimama kando anatazama, pengine ana kiko mdomoni. Wafungwa wengine wanafanya kazi. Pembeni kuna wanawake, wengine wanalia, wengine wameleta chakula.

Mnajua kwamba neno letu kiboko lina maana mbili: mnyama wa mtoni, na fimbo iliyokatwa katika ngozi yake ikakaushwa mpaka ikawa ngumu. Wengine huiita shikoti. Sheria ya kikoloni iliiruhusu, ikahesabu mapigo, ikayapunguza kidogo kidogo, lakini ilikubali mtu mzima apigwe mbele ya mke wake na watoto wake mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni.

Sasa nakuuliza, wewe unayesikiliza: katika picha ile, nani ameshika kiboko?

Wengi watajibu haraka: mzungu. Hapana. Itazame tena. Mzungu hakushika kiboko. Aliyekishika ni askari mweusi, mtoto wa Kongo. Pengine anatoka kabila lingine. Pengine anatoka kijiji kimoja na yule aliyelala chini. Mzungu ametoa amri na mikono yake ni misafi. Mchoraji angeweza kumweka mzungu kiboko mkononi, na watu wangeshangilia. Hakufanya hivyo, na wenye nyumba waliikubali picha hiyo na kuitundika salo, kwa sababu ndivyo walivyoyaona mambo kwa macho yao.

Mmoja wa wachoraji wale alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, kwa wazazi wenye asili ya Kasai. Hakuridhika na picha moja moja. Alitaka kuchora historia yote ya nchi, tangu wakati wa mababu mpaka siku zake na hata siku zijazo. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha kama 100 mfululizo, na kila picha akaieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyeitwa Johannes Fabian. Maelezo yale yaliandikwa, yakachapishwa katika kitabu mwaka 1996, na picha zake zinatunzwa Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea katika miaka ya 1980, na hakuna kaburi lake linalojulikana. Lakini jambo kubwa alilotuachia ni hili: historia ya Kongo inaweza kusemwa na mtoto wa mtaani, kwa lugha yetu hii, bila kungoja ruhusa ya mtu wa vitabu.

Katika picha zake aliweka mgomo wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba, waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira pale Elisabethville. Gavana akaja, wanajeshi wakafyatua risasi, watu wengi wakaanguka. Tena uliza swali letu. Amri ilitoka kwa nani? Kwa wakubwa wa ukoloni. Bunduki zilishikwa na nani? Askari wa Force Publique walikuwa Wakongo.

Aliweka pia kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Mpolo na Okito. Waliuawa tarehe 17 Januari 1961, porini, mbali kidogo na Elisabethville. Tshibumba alimlaza Lumumba chini kama Bwana Yesu, na nyuma yake akachora misalaba mitatu. Pale porini walikuwako Wabelgiji maofisa, na walikuwako Wakongo pia, askari na viongozi wa Katanga ya wakati ule. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa siku zile wana lawama ya kimaadili. Mwezi wa Juni 2022 jino moja, mabaki pekee ya Lumumba yaliyopatikana, lilirudishwa kwa watoto wake, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Ilichukua miaka 61. Mtoto aliyezaliwa siku ya mauaji alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Kwa nini nasisitiza jambo la mkono na amri? Kwa sababu mimi nilisoma sheria, na katika kesi zetu hapa mashariki nasikia nyimbo mbili tu. Wimbo wa kwanza: «Ni wageni wametuharibia kila kitu, sisi hatuna kosa.» Wimbo wa pili: «Ni kabila lile jirani, lote, tangu mababu zao.» Wa kwanza unamficha aliyeshika kiboko. Wa pili unamficha aliyetoa amri, na tena unawabebesha lawama watoto wasiojua lolote. Picha ya Colonie Belge inakataa nyimbo zote mbili. Inasema: mwonyesheni aliyeamuru, mwonyesheni aliyepiga, kila mmoja asimame mahali pake.

Na sheria inasema hivyo hivyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 28, inasema kwamba hakuna anayelazimika kutimiza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Askari au mtumishi wa serikali anapoamriwa kutenda jambo linalovunja haki za binadamu waziwazi, hana wajibu wa kutii. Kijana unayesikiliza ukiwa na bunduki begani, kifungu hiki kinakuhusu wewe. Neno «niliamriwa» halikusafishi. Na wewe mkubwa uliyekaa mbali na simu yako, neno «sikuwako» halikusafishi vilevile. Aliyetoa amri ataulizwa juu ya amri yake, na mkono utaulizwa juu ya pigo lake.

3. Nani hayumo katika picha?

Wazee husema: asiyekuwepo na lake halipo. Tuirudie Colonie Belge mara ya tatu. Katikati ni wanaume. Wanawake wako pembeni, wanalia. Lakini nani alilima wakati mume yuko gerezani? Nani alitembea na sufuria ya chakula mpaka mlangoni kwa askari? Katika picha nyingi za vita yetu mama anawekwa pembeni alie tu. Na siku ya kugawanya mashamba tena, kamati inaketi bila yeye, kana kwamba kulia ndiyo kazi yake peke yake.

Kuna wengine ambao hawamo kabisa, hata pembeni. Ni Bambuti na Batwa, watu wa asili wa msitu. Wageni waliwachora kama wanyama. Tumesikia habari ya Ota Benga. Lakini na sisi majirani zao, je, tuliwachora namna gani? Mtu wa kutumwa. Mtu wa kulipwa kwa chumvi na nguo chakavu. Mtu asiye na shamba, «kwa sababu yeye ni wa porini». Basi sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukulijali. Katika msitu wa Ituri, Bambuti wana ufundi wa vitambaa vya magome. Wanaume hupiga gome la mti mpaka linalainika kama nguo, na wanawake huchora juu yake kwa rangi ya maji ya matunda na majani: mistari, nukta, njia zinazopindana na kukatika. Vitambaa vile vimetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanalipa kuviona. Mama wa Kibambuti alikuwa mchoraji siku zote. Sisi tulikuwa tukimpita njiani bila kumsalimu.

Dharau hiyo ina bei yake. Kuanzia mwaka 2013, katika eneo la Tanganyika, Batwa na majirani zao Baluba waliuana kwa mishale, mapanga na moto. Vijiji vya pande zote mbili vilichomwa, na kambi zikajaa kandokando ya Kalemie. Batwa walikuwa wanadai ardhi, malipo ya haki na heshima. Baluba waliopoteza watoto wao nao walikuwa na kilio cha kweli. Mwaka 2022, tarehe 15 Julai, nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili. Sheria hiyo inatambua ardhi yao, desturi zao na haki yao ya kuulizwa. Wakubwa wa vijiji, isomeni. Asiyejua kusoma asomewe. Sheria iliyofungwa kabatini haimlindi mtu.

Na tusisahau kwamba anayefukuza leo anaweza kufukuzwa kesho. Tshibumba, mtoto wa wazazi wa Kasai, ndiye aliyewachorea watu wa Katanga historia yao na kuitunza. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, kwa maelfu mengi sana, walifukuzwa katika Katanga, ambayo siku hizo iliitwa Shaba. Wengi walizaliwa pale na hawakuijua Kasai. Walilala vituoni mwa reli Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, na wengine walikufa wakingoja. Waliambiwa kwamba hawamo katika picha ya Katanga. Jiulize: mtu aliyeishika historia yenu mkononi mwake, akaitia rangi, utamwambiaje kwamba ni mgeni?

4. Tufanye nini sisi?

Sikuja kuwaambia nyote muwe wachoraji. Lakini katika kila kambi na kila mtaa kuna kijana anayeandika mabango ya duka au anayechora kwenye ukuta wa saluni. Kuna mama anayefuma mikeka na vikapu. Kuna mtoto mwenye makaa na ukuta. Na kila mzee ana picha kichwani. Kikundi kinaweza kukaa pamoja na kutengeneza picha ya yaliyotupata. Nawapa mashauri matano.

La kwanza: anzeni kabla ya kilio. Choreni kijiji kilivyokuwa siku za amani: kisima, soko, njia ya shule, mpaka wa shamba, mti wa mpaka. Anayeuona mti ule atakumbuka kwamba majirani wawili waliukubali. Picha ya namna hiyo si hati ya ardhi, na hakimu hataipokea mahali pa hati. Lakini inawasaidia wazee kukumbuka kwa pamoja kabla ya kwenda mbele ya chifu au mahakama.

La pili: wekeni watu wote ndani. Aliyeamuru, aliyepiga, aliyepigwa, aliyetazama akanyamaza, na yule aliyeficha jirani yake chini ya kitanda. Huyu wa mwisho tunamsahau mno. Katika kila vita yetu alikuwako mtu wa kabila lile lingine aliyefungua mlango usiku. Msipomchora, mnawafundisha watoto kwamba hakuwahi kuwako.

La tatu: msimchore mtu kama mnyama. Mtu akiitwa nyoka, mkono wa kumpiga huwa mwepesi. Na hili si shauri la adabu tu. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ina sheria inayomwadhibu mtu anayeonyesha au kuchochea chuki ya rangi au ya kabila, kwa maneno, kwa maandishi au kwa picha. Katiba inakupa uhuru wa kuchora. Haikupi uhuru wa kuchochea mauaji. Na picha za chuki zinazopita leo katika simu ni picha pia. Ukiitumiana, umeshika kiboko.

La nne: mlinde aliyeumizwa. Msiweke uso wala jina la mama au msichana aliyebakwa. Msiweke jina la shahidi ambaye bado anaishi karibu na waliomtenda. Majina yana mahali pake: kwa mwanasheria, kwa mwendesha mashtaka, katika faili iliyofungwa. Tangu Desemba 2022 kuna sheria ya kuwalinda na kuwalipa fidia waliobakwa katika vita na waliopatwa na makosa makubwa dhidi ya ubinadamu. Haki hiyo hutafutwa kwa ushahidi ulioandikwa vizuri. Picha ya ukutani ni ukumbusho wa wote; faili ni siri ya mwenyewe.

La tano: waalikeni wa upande wa pili waitazame. Hili ndilo gumu kuliko yote. Wakija, msiwaambie «tazameni mlichotutendea». Waulizeni: «Mnaona nini? Nini hakimo?» Pengine watawaonyesha kaburi ambalo ninyi hamkulijua. Msiogope. Hakuna aliyesema kwamba machozi yao yanayafuta yenu. Ukuta unatosha kwa makaburi yote mawili.

Mtu mmoja ataniambia: «Kwa nini kuvifukua vidonda? Tusahau, tuendelee.» Namjibu kwa maneno ya wazee: mwenye kovu usidhani kapoa. Wafanyakazi wale wa Katanga hawakutundika kiboko salo kwa kupenda uchungu. Walitaka mtoto atakapouliza, papa awepo wa kumjibu. Mtoto ambaye hakujibiwa nyumbani atajibiwa barabarani na mtu mwenye bunduki anayetafuta askari wapya.

Wapenzi wasikilizaji, kwa vikundi vyetu vya wasikilizaji naacha maswali matatu ya kuzungumza juma hili. Kila mtu aseme, vijana waanze, wazee wamalizie.

Swali la kwanza: majirani zetu wanatuchora namna gani, na sisi tunawachora namna gani tunapokuwa peke yetu?

Swali la pili: katika jambo lililotufukuza nyumbani, nani aliamuru, nani alipiga, nani alinyamaza, nani aliokoa?

Swali la tatu: kama tungechora picha moja ya kijiji chetu leo, nani angesema «mimi simo»? Nani ataenda kumwita?

Wakubwa wa mitaa na machifu, nawaomba mkae katika mazungumzo hayo bila kuyatawala. Mkubwa anayeketi chini pamoja na watu kuitazama picha anasikia mambo ambayo hayamfikii ofisini.

Mungu awalinde njiani na kambini. Tuonane kwa amani katika kipindi kijacho.